Shella ya Malindi na Nguzo Zake

Mgeni afikaye Malindi mara ya kwanza huulizwa kama amekwisha kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Ni swali jema, lakini mji huu una nguzo za namna mbili, na iliyo kongwe kuliko zote haiko huko rasini. Iko katika mtaa wa Shella, kando ya Msikiti wa Juma.

Shella ni mtaa wa kale wa Waswahili wa Malindi, na vichochoro vyake havi mbali na bahari. Hapo msikitini yako makaburi mawili ya nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lile refu lilikuwa limekwisha kusimama kabla ya Wareno kuiona pwani hii. Lile fupi ni la karne ya 19. Makaburi ya namna hii ni alama ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Basi mtu asidhani kwamba habari za Malindi zilianza siku zilipotia nanga merikebu za Ulaya. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika Uchina, zawadi kwa mfalme wa huko.

Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako hakupatana na wenyeji. Mfalme wa Malindi alimkaribisha, akampa rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut, katika nchi ya India. Ukitoka Shella kwa miguu, ukifuata pwani kuelekea kusini, utaona kwanza kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Kisha utafika rasini penye nguzo nyeupe, na juu yake msalaba wa jiwe lililotoka Ureno. Lakini urafiki ule haukuuletea mji heri ya kudumu. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao Mombasa, mtawala wa Malindi naye akahamia huko, na mji ukafifia.

Katika karne ya 19 Malindi ilihuishwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mashamba yake yakatoa mtama na ufuta kwa wingi, ukapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mkulima asomaye haya na ajiulize ni nani aliyelima. Walikuwa watumwa, na husimuliwa kwamba walikuwa wakinadiwa hapo hapo karibu na Msikiti wa Juma, mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1873. Wengine walitoroka, wakajijengea vijiji vyao barani. Hao hawakujengewa nguzo, lakini jasho lao ndilo lililousimamisha mji tena.

Mwenye siku ya pili na aende Gedi, yapata maili 10 kusini, akatembee msituni kati ya misikiti, nyumba na visima vya mji uliohamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuandika Gedi katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukifika Shella, kumbuka kwamba msikiti ule ni wa ibada. Vaa kwa heshima, piga hodi, uombe ruhusa, wala usiegemee makaburi. Ukiwa na watoto, waonyeshe nguzo ya Shella kwanza, ndipo uwapeleke rasini. Hapo watajua ni nani aliyekuwa mwenyeji, na ni nani aliyekuwa mgeni.