Kubadili Muundo wa Majedwali: Mfano wa Daftari la Wakulima wa Chai

Hifadhidata ya kiuhusiano ni mkusanyiko wa majedwali yanayorejeleana. Edgar F. Codd, aliyeasisi nadharia yake mwaka 1970, alipendekeza data ipangwe katika safu na mistari, na kila mstari utambuliwe kwa ufunguo wake. Data huongezeka kila siku; muundo hubadilika kwa nadra, na ndipo hatari huzuka.

Chukua mfano wa kiwanda kinachosajili wakulima wadogo wa Kericho na Bomet. Jina halitoshi kuwa ufunguo. Miongoni mwa Wakipsigis, Kipkoech na Chepkoech ni majina ya waliozaliwa kulipopambazuka, na hupambazuka kila siku! Kwa hivyo kila mkulima hupewa nambari, nayo ndiyo huunganisha jedwali la wakulima na jedwali la kilo za majani mabichi.

Ikiwa wilaya iliandikwa katika mstari wa kila mkulima, basi Bomet ilipomegwa kutoka Kericho mwaka 1992, maelfu ya mistari ilihitaji kusahihishwa. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti, hata jina la safu lenyewe lilichakaa. Dawa yake ni kuunda jedwali la vituo vya kununulia majani, eneo liandikwe humo, na mkulima abakie na nambari ya kituo tu. Mpaka ukihama, mistari michache ya vituo ndiyo hubadilishwa.

Kuongeza safu ni rahisi zaidi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nambari ya simu ikawa jambo la kuhifadhiwa. Aliyesajiliwa zamani huachiwa nafasi tupu hadi atakapoitoa. Hata hivyo, safu hiyo ikitangazwa kuwa ya hesabu, sifuri ya mwanzo hudondoka, 0722 ikawa 722. Nambari ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, ni matini.

Kufuta ndiko kugumu. Mzoefu huweka kwanza nakala ya akiba, huongeza safu mpya, huhamishia data humo, kisha hulinganisha jumla ya kilo za kila mkulima kabla na baada. Hapo tu ndipo huiondoa safu kongwe. Nambari inayounganisha majedwali ikivurugwa, kilo zitakuwapo lakini hazitakuwa na mwenyewe, na mkulima wa Litein au Mogogosiek atalijua hilo siku ya malipo ya mwezi, au vibaya zaidi, wakati wa bonasi.