Tarantula kwa Mfugaji Anayeanza: Uchaguzi Kwanza, Malezi Baadaye

Miongoni mwa viumbe wenye miguu minane, ni wachache waogopwao kama tarantula, na ni wachache waliosingiziwa mambo mengi kama yeye. Huku kwetu, aonekanapo usiku karibu na taa ya barazani, hukimbiliwa kwa fagio au kwa kiatu. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wako watu wengi wamfugao nyumbani, kama wengine wafugavyo samaki wa mapambo. Kati ya hofu ile na mapenzi haya ipo elimu ambayo mwanafunzi wa sayansi anastahili kuipata. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mfugaji anayeanza anavyopaswa kumchagua na kumtunza mnyama huyu, na kuonyesha kwamba kila kanuni ya malezi yake hutokana na umbile lake.

Tarantula ni nani?

Jina lenyewe limesafiri. Lilitokana na Taranto, mji wa bandari kusini mwa Italia, ambako zamani iliaminika kwamba mtu aliyeumwa na buibui fulani wa mashambani hupona kwa kucheza ngoma bila kupumzika. Buibui huyo, aitwaye kisayansi Lycosa tarantula, si wa ukoo tunaouzungumzia. Wazungu walipohamia Amerika na kuwakuta buibui wakubwa wenye manyoya, waliwapachika jina lile lile, nalo likabaki huko. Leo jina tarantula hutumiwa kwa familia ya Theraphosidae, yenye aina zaidi ya 1,000 zilizoenea Amerika, Afrika, Asia na Australia.

Chonge za tarantula huteremka sambamba kama sululu mbili, wala hazibani kwa upande kama koleo, ambavyo ndivyo zilivyo chonge za buibui tunaowaona ukutani. Hupumua kwa jozi mbili za mapafu yaliyopangika kama kurasa za kitabu. Damu yake haina himoglobini yenye chuma. Hubeba oksijeni kwa hemosianini, protini yenye shaba, na kwa sababu hiyo huelekea rangi ya buluu.

La ajabu zaidi ni mwendo wake. Mguu wa tarantula una misuli ya kuukunja, lakini katika viungo vyake viwili vikubwa hakuna misuli ya kuunyosha. Mguu hunyoshwa kwa kusukumiwa damu, kama jeki ya haidroliki inyanyuavyo gari kwa kusukumiwa mafuta. Basi mnyama huyu ni mtambo wa msukumo wa maji unaotembea. Msomaji na alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia mara kwa mara: tumbo likipasuka, msukumo hupotea, maji yakipungua mwilini, msukumo hupungua.

Maswali matatu kabla ya kuchagua

Mfugaji anayeanza huvutwa na rangi. Huo ni mwanzo mbaya. Yampasa kwanza kuuliza maswali matatu.

La kwanza: mnyama huyu hujilindaje? Hapa tarantula hugawanyika katika makundi mawili makubwa. Aina nyingi za Amerika zina manyoya mafupi yenye miiba midogo, hasa juu ya tumbo. Zikichokozwa huyasugua kwa miguu ya nyuma, nayo hupeperuka na kumwasha adui ngozini, puani na machoni. Kwa kuwa zina silaha hiyo, nyingi kati yake si nyepesi wa kuuma. Tarantula wa Afrika na Asia hawana manyoya ya kuwasha ya namna hiyo. Wao hutegemea mbio na chonge, na sumu ya baadhi yao huleta maumivu makali na mkakamao wa misuli. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kusababishwa na sumu ya tarantula, lakini kutokufa si sawa na kutoumia.

La pili: huishi wapi? Wako wa ardhini, wa mashimoni na wa mitini. Wa mitini huwa wepesi na huhitaji unyevu na hewa kwa kipimo ambacho mkono usiozoea hukikosa. Wa mashimoni huonekana kwa nadra. Anayeanza hufaulu zaidi kwa yule akaaye juu ya ardhi, katika nchi kavu au yenye majira ya ukame, kwa sababu mnyama wa namna hiyo huvumilia makosa madogo ya mlezi wake.

La tatu: ametoka wapi? Je, alizaliwa katika ufugaji, au alichimbuliwa porini? Swali hili huulizwa mwisho, lakini ndilo lenye uzito kupita yote, nasi tutalirejea.

Wanaofaa na wasiofaa

Kwa kujibu maswali hayo, wafugaji wenye uzoefu hupendekeza aina chache. Yupo Brachypelma hamorii wa pwani ya magharibi ya Meksiko, mweusi mwenye magoti mekundu, ambaye kwa miaka mingi aliuzwa kwa jina la ndugu yake, Brachypelma smithi, mpaka uchunguzi wa mwaka 2017 ulipozitenganisha aina hizo mbili kwa uwazi. Yupo Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye manyoya yaliyojikunja. Yupo Aphonopelma chalcodes wa jangwa la Sonora, na Grammostola rosea wa Chile, ambaye aweza kukaa miezi bila kula na asidhurike. Wote ni wa ardhini, hukua polepole, na kwa kawaida ni watulivu.

Kinyume chao ni jirani yetu, Pterinochilus murinus. Aina hii ilielezwa kisayansi mwaka 1897 na R. I. Pocock, nayo hupatikana Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini, katika vichaka na nchi kavu, mashimoni, chini ya mawe na katika magogo. Wako wa rangi ya udongo na wa rangi ya chungwa iliyokoza. Hawa wa mwisho huuzwa ng'ambo kwa jina la Usambara. Ni mwepesi, mkali, huinua miguu ya mbele na kuonyesha chonge kwa uchokozi mdogo tu, na akiuma mtu huumia sana. Kwa mfugaji mzoefu ni mnyama imara, asiyesumbua. Kwa anayeanza ni chaguo baya, hata kama bei yake ni ndogo na rangi yake inapendeza. Basi lililo karibu nasi silo tunaloweza kulishika kwa urahisi.

Jike au dume?

Jambo jingine ni umri. Jike wa aina nilizozitaja aweza kuishi miaka 20 na zaidi. Dume, akishajivua gamba lake la mwisho na kukomaa, huacha makao yake kutafuta jike, na kwa kawaida hafiki mbali kupita mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 15 anayempokea kinda wa kike anachukua dhamana itakayomfuata chuoni, kazini na pengine katika ndoa. Anayenunua tarantula mkubwa bila kujua jinsia yake huenda amenunua miezi michache tu. Jinsia hutambulikana kwa uhakika katika gamba lililovuliwa: sehemu ya ndani ya tumbo ikitazamwa kwa hadubini, jike huonyesha kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume.

Makao, maji na chakula

Sanduku la kioo au la plastiki linatosha. Urefu wake uwe kiasi cha mara tatu ya upana wa mnyama aliyenyosha miguu, na kimo kutoka udongo hadi kifuniko kisizidi sana upana huo. Wengi humpa tarantula wa ardhini sanduku refu la kwenda juu wakidhani wanamfanyia hisani. Lakini yeye hupanda kuta, na akianguka kutoka juu tumbo lake laweza kupasuka, na msukumo tulioutaja ukapotea. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kumshika mkononi. Hajifunzi kumpenda mtu wala hafarijiki kwa kupapaswa. Mtu akishtuka na kumwangusha, aliyekosa ni mtu na anayekufa ni mnyama.

Udongo mkavu usiotiwa mbolea wala dawa, au makumbi ya nazi yaliyosagwa, yashindiliwe kwa kina cha kutosha kuchimba. Nusu ya chungu cha maua kilicholazwa hufaa kuwa maficho. Kifuniko kiwe na matundu ya hewa na kifungwe imara. Kila sanduku likae mnyama mmoja, kwani karibu aina zote hulana. Joto la chumba baina ya digrii 20 na 27 linatosha. Taa ya kumpasha joto humkausha tu.

Kisahani cha maji safi kisikosekane, hata kwa aina za jangwani. Tarantula aliyekauka hukunja miguu chini ya mwili kama kiganja kilichofumbwa, maana msukumo wa kuinyosha umekwisha. Nyenje mmoja au wawili, au mende waliofugwa kwa kazi hiyo, kila wiki au kila wiki mbili wanamtosha mnyama mzima. Wasipewe wadudu waliokamatwa katika mashamba yaliyopuliziwa dawa. Akikataa kula, asilazimishwe. Mabaki ya chakula yaondolewe kwa koleo ndefu.

Siku ya kujivua gamba

Kwa kuwa gamba lake la nje halikui, tarantula hana budi kulivua ili aongezeke. Kabla ya siku hiyo huacha kula, na ngozi ya tumbo, hasa palipopukutika manyoya, hugeuka kuwa nyeusi. Kisha hulala chali. Hapa ndipo wengi hukosea: humdhania amekufa, wakamgeuza au wakamtupa. Kanuni ni nyepesi. Anayekufa kwa kawaida husimama wima huku miguu imejikunja chini yake. Aliyelala chali anazaliwa upya, naye aachwe bila kuguswa. Nyenje yeyote aliyebaki sandukuni aondolewe, kwa kuwa wakati huo mwindaji ni laini na aweza kuliwa na windo lake. Asilishwe tena mpaka chonge, zilizotoka zikiwa nyeupe, ziwe nyeusi na ngumu; yaani wiki moja au zaidi.

Tahadhari ya macho ni ya lazima. Mwaka 2009, katika mji wa Leeds, Uingereza, madaktari walimkuta mtu mmoja na nywele nyembamba zilizopenya katika mboni ya jicho. Alikuwa akisafisha kioo cha sanduku la tarantula wa Chile, mnyama anayesifiwa kwa upole, pale alipomrushia manyoya usoni. Nywele zenyewe zilikuwa ndogo mno hata hazikuweza kung'olewa. Miwani ya maabara na kunawa mikono ni gharama ndogo.

Alikotoka mnyama

Sasa turudi kwenye swali la tatu. Mnyama ambaye jike wake huchukua miaka mingi kukomaa hawezi kustahimili kuvunwa bila kipimo. Tarantula wa Meksiko walichimbuliwa na kuuzwa kwa wingi, hata Brachypelma smithi akawekwa mwaka 1985 chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mwaka 1995 jenasi nzima ikafuata. Hata hivyo kifuko kimoja cha hariri cha mayai ya jike hutoa mamia ya vifaranga, na kwa hiyo ufugaji waweza kuwatosheleza wanunuzi bila kuligusa pori. Mfugaji mwenye dhamiri hununua kinda aliyezaliwa katika ufugaji, tena kwa hati. Na asimwachilie kamwe mnyama wa kigeni porini.

Je, shule zetu zifuge?

Msomaji wetu atauliza: ikiwa wapole wako Amerika na wakali wako kwetu, mwanafunzi wa hapa afanye nini? Kuwaleta wa kigeni ni kujitwika hatari na gharama za vibali. Kumchimbua wa kwetu na kumfungia darasani ni kumpa anayeanza mnyama asiyemfaa, na kuliharibu shimo lililojengwa kwa miaka. Iko njia ya tatu.

Mwaka 1974, huko Australia ya Magharibi, mwanasayansi Barbara York Main alianza kuweka alama kwenye mashimo ya buibui wa aina ya Gaius villosus, jamaa wa mbali wa tarantula. Jike mmoja, aliyeandikwa Namba 16, alifuatiliwa katika shimo lake hilo hilo mpaka 2016, ilipoonekana kwamba nyigu amelivamia. Alikuwa na umri wa miaka 43, mkubwa kuliko wa buibui yeyote aliyewahi kuandikwa katika sayansi. Umri huo haukugunduliwa kwa sanduku la kioo, bali kwa vigingi, daftari na subira.

Klabu ya sayansi ya shule yaweza kufanya vivyo hivyo. Tafuteni mashimo ya buibui wakubwa yaliyozungukwa na nyuzi. Chomekeni kigingi chenye namba umbali wa hatua moja. Andikeni kila wiki tarehe, mvua, upana wa mlango, na kama nyuzi ni mpya. Usiku tumieni tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Msitie kijiti wala kidole shimoni. Daftari hilo lirithishwe kutoka kidato kimoja hadi kingine, kwa maana huenda mwenye shimo akawapo bado wakati waliolianzisha wamekwisha kuwa walimu.