Acheni Kutupa Thamostati

Swali limeletwa tena: "Land Cruiser langu linachemsha, fundi anataka kutoa thamostati. Nimruhusu?" Usimruhusu. Na kabla ya kumuuliza anatoa nini, muulize kwa nini linachemsha.

Hoja ya mafundi hawa naijua: eti kifaa hicho ni cha nchi za barafu, huku kwetu joto linatosha. Haya, tuhesabu. Thamostati ya injini za dizeli za Land Cruiser, kama 1HZ, huanza kufunguka kwenye nyuzi joto 80 hivi. Dodoma jua likiwaka vipi haifiki nusu ya hapo. Oman na Australia, kwenye jangwa linalotuzidi kwa ukali, Land Cruiser zinauzwa na thamostati zake.

"Mbona la jirani lilitolewa thamostati likapona?" Lilipona kwa kuwa thamostati yake ilikwama ikiwa imefunga, maji yakakosa njia ya kwenda kwenye rejeta. Dawa ilikuwa kufunga mpya. Sasa injini yake inachelewa kupata moto; dizeli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka na kuichafua oili iliyobaki, na ringi zinalika. 1HZ ya lita 4.2, injini ya kurithisha watoto, inaanza kula oili mapema. Tena thamostati nyingi za Toyota zikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Panda mlima Kitonga na mzigo uone.

Kagua hivi: kifuniko cha rejeta, mipira ya maji, mkanda na klachi ya feni, tope lililoziba rejeta kwa nje na kutu ya ndani, kisha pampu ya maji. Thamostati itie kwenye sufuria ya maji jikoni, na kipimajoto. Isipoanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, nunua nyingine. Tumia kulanti, si maji ya bomba. Na huduma ya kawaida usiisahau: oili na filta kila kilomita 5,000 kwenye vumbi. Mkanda wa taimingi wa 1HZ kila 100,000. Grisi kwenye shafti kila ukitoka kwenye matope. Rejeta ya moto usiifungue. Na fundi anayeshika spana kabla ya kukagua, mlipe nauli aende.