Je, Kuni Zinaisha?



Kila siku tunahitaji nguvu ya kutufanyia kazi. Moto hupika ugali. Taa hutoa mwanga. Injini husaga mahindi. Nguvu hiyo ya kufanya kazi huitwa nishati. Nishati ziko za aina mbili: ile inayokwisha na ile inayorudi.

Nishati inayokwisha

Hii ni mafuta, gesi na makaa ya mawe. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yote hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini. Vitu hivi vilitokana na mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita. Tukivichoma leo, havirudi tena katika maisha yetu, wala ya wajukuu wetu.

Hapa Tanzania tunayo makaa ya mawe, kwa mfano kule Kiwira. Tunayo pia gesi. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Mwaka 2004 ilianza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Hiyo ni mali kubwa. Lakini ni kama mahindi ya ghalani kwa mtu asiye na shamba. Kila debe analotoa, ndiyo basi.

Nishati inayorudi

Hii ni jua, upepo na maji ya mito. Jua likizama leo, kesho litachomoza. Maji yakishazungusha mitambo ya umeme pale Mtera, huteremka na mto mpaka Kidatu, yakazungusha mitambo mingine. Kisha mvua hujaza bwawa tena. Lakini mvua ikikosekana, bwawa hushuka. Mwaka 2011 ukame ulipunguza sana maji ya Mtera, na umeme ukagawiwa kwa zamu.

Kuni je?

Wengi watajibu: "Kuni haziishi, kwani miti si inaota?" Ni kweli, miti inaota. Lakini kuni ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimlisha na kumkama vizuri, utapata maziwa kila siku. Ukimchinja, utakula nyama siku chache, na maziwa huyaoni tena.

Mti hukatwa kwa muda mfupi, lakini hukua kwa miaka mingi. Tukikata upesi kuliko miti inavyoota, kuni nazo zinaingia katika kundi la nishati inayokwisha. Dalili yake tunaijua. Akina mama wanatoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua kali. Mkaa nao hula miti mingi zaidi. Katika tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa huweza kula kuni kilo 8 hata 10.

Tujifunze Shinyanga

Wasukuma wana desturi ya kufunga eneo la malisho ili lipumzike. Eneo hilo huitwa ngitili. Miti ya Shinyanga ilipokuwa imekatwa sana, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986. Mpango huo ulihimiza watu kufufua ngitili. Maeneo yaliyofungwa yaliota miti tena, na mingi ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi.

Tufanye nini?

1. Tukate matawi, tusing'oe visiki. Miti mingi huchipua.
2. Mkutano wa kijiji utenge eneo la kupumzisha, na sheria yake iandikwe.
3. Tupande miti kwenye mipaka ya mashamba.
4. Tutumie kuni kavu na jiko lililokingwa upepo. Mafiga yaliyo wazi hupoteza moto mwingi.
5. Tuloweke maharage usiku ili yaive upesi.

Maswali ya kujadili

1. Taja nishati mbili zinazokwisha na mbili zinazorudi.
2. Miaka 10 iliyopita kuni zilipatikana wapi kijijini kwenu? Leo je?
3. Ni eneo gani kijijini kwenu linaweza kupumzishwa, na nani atalilinda?