Saa ya Msafiri na Kompyuta Iliyobaki Nyumbani

Dereva wa lori avukaye mpaka wa Busia kutoka Kenya kuingia Uganda hana haja ya kurekebisha saa yake, kwani nchi hizi mbili hufuata majira mamoja. Lakini shehena yake hulindwa kwa saa za namna nyingine kabisa. Tangu mwaka 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo ipitayo nchini mwao kwa lakiri za elektroniki, ambazo hutambua mahali lori lilipo kwa msaada wa setelaiti zilizo katika kimo cha kilomita 20,200 hivi.

Ndani ya setelaiti hizo mna saa za atomu, nazo haziendi sawasawa na saa za Busia. Mwendo wao wa kasi huzichelewesha. Kuwa mbali na uvutano wa dunia huziharakisha. Sekunde moja ikikatwa vipande milioni moja, saa hizo hutangulia zetu kwa vipande 38 kila siku. Kama mafundi wasingalisahihisha jambo hilo, kosa la mahali lingeongezeka kwa kilomita kumi hivi kila siku, na baada ya siku tatu lingekaribia umbali wa kutoka Busia hadi Tororo.

Mambo hayo yalielezwa na Albert Einstein mwaka 1905 na 1915. Oktoba 1971, Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria. Zilipolinganishwa na zile zilizobaki nyumbani, zilitofautiana kwa kadiri iliyokaribiana na hesabu.

Hapo ndipo linapozuka swali: ikiwa wakati hauendi sawa kila mahali, je, kompyuta haiwezi kupewa wakati mwingi kuliko sisi, ili imalize mapema hesabu ngumu?

Njia ya kwanza ni kuipandisha mlimani. Wakazi wa Tororo wanao jirani Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina kimo cha meta 4,321. Kompyuta iliyowekwa huko ingeitangulia ile ya mjini kwa vipande kumi hivi tu vya milioni ya sekunde kwa mwaka mzima. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo mara maelfu.

Njia ya pili ni kuiacha kompyuta nyumbani, naye mwenye kungoja jibu asafiri. Tuseme hesabu yahitaji miaka 20. Askari akisafiri angani kwa asilimia 99.5 ya kasi ya nuru, kisha akarudi, kwake itakuwa imepita miaka miwili tu, na jibu atalikuta tayari. Chombo cha namna hiyo hakipo. Parker, chombo cha Marekani kilicholipita Jua Desemba 2024, kilifikia kilomita 190 hivi kwa sekunde; nuru huenda kilomita 300,000.

Lakini hata chombo kingepatikana, gharama kubwa zaidi ingebaki. Kompyuta haikuongezewa kasi hata kidogo. Ilifanya kazi miaka 20 kamili, na umeme wa miaka 20 ukalipwa. Mtoto aliyeachwa akiwa na miaka mitano atampokea baba yake akiwa na miaka 25. Mama atakuwa amelea, amesomesha na pengine amezika wazee peke yake. Familia za askari zaijua hesabu hiyo bila kufundishwa na Einstein: muda wa aliye safarini na muda wa wanaomngoja haulingani uzito.

Ndiyo maana wataalamu wakitaka jibu la haraka huigawa kazi kwa kompyuta nyingi zifanyazo kwa pamoja, kama jamaa waliozunguka ungo mmoja wakipukuchua mahindi. Kazi huisha mapema, na hakuna aliyekosekana nyumbani.