Jiwe Livurugwalo kwa Ndani

Katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho mabaharia Waarabu wa kale walikiita Sarandibu, uko mji uitwao Ratnapura, maana yake mji wa vito. Wachimbaji hushuka mashimoni, hutoa changarawe na kuiosha katika vikapu, na miongoni mwa vito waokotavyo ni zirikoni. Baadhi yake ni ngumu hata hukwaruza kwatsi, lile jiwe jeupe lionekanalo mara nyingi mitoni. Nyingine, za rangi ya kijani kilichofifia, hukwaruzwa na kwatsi hiyo hiyo. Zote ni madini ya namna moja. Mbona ugumu wake si sawa?

Si jua wala maji yaliyozilainisha. Zirikoni iumbikapo hupokea ndani yake urani kidogo. Atomu zake hukaa safu safu, kama matofali katika ukuta wa fundi hodari. Lakini atomu ya urani haidumu. Siku moja hutupa kipande chake kwa nguvu nyingi. Apigaye gobore ajua kwamba risasi iendapo mbele, gobore nalo humsukuma begani. Ndivyo ilivyo atomu hiyo: hurudi nyuma kwa kishindo, na ingawa haifiki mbali, hung'oa jirani zake kwa mamia, kuliko kile kipande kilichotupwa.

Pigo moja si kitu. Lakini zirikoni za Sri Lanka zina umri wa miaka 550,000,000 hivi. Zile zenye urani nyingi safu zake zimevurugika hata zikawa kama kioo. Jiwe la namna hiyo huvimba, hata kufikia sehemu 18 katika 100. Ajabu ni kwamba lililovurugika lote hulainika, lakini halipasuki upesi, maana ufa hauoni safu ya kufuata. Hatari iko pale tabaka la urani nyingi linapopakana na tabaka la urani kidogo. La kwanza huvimba. La pili, lililo zima bado, ndilo lipasukalo. Zirikoni iliyovurugika ikitiwa katika tanuru la digrii 1,000 na zaidi, atomu nyingi hurudi safuni, na ugumu hurejea.

Wataalamu huyachungua mawe haya, wala si kwa ajili ya pete tu. Mitambo ya umeme wa nyuklia huacha takataka zenye plutoni, ambayo hupungua nusu katika miaka 24,000. Wengine wamefikiri kuifungia ndani ya zirikoni iliyotengenezwa na watu. Lakini plutoni nayo hutupa vipande vile vile, tena upesi kupita urani; yaliyolipata jiwe la Sri Lanka kwa mamilioni ya miaka, jiwe la plutoni laweza kuyapata kwa maelfu tu. Likivimba na kupasuka ardhini, maji huingia katika nyufa, na plutoni hupata njia ya kutokea.