Tumjue Mnyoo wa Samaki kwa Jina Lake



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumsalia Mtume wake, leo twapenda kuzungumzia kiumbe ambaye wengi wetu hatujapata kumwona, ingawa huenda yumo katika bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Ni mnyoo bapa, urefu wake kama nusu milimita, akaaye juu ya ngozi na mapezi ya samaki wadogo. Wataalamu humwita Gyrodactylus, jina la Kiyunani lenye maana ya kidole cha mviringo. Alipewa jina hilo na Alexander von Nordmann mwaka 1832, na tangu hapo zimekwisha kuelezwa aina zaidi ya 400 za jamaa zake.

Huenda msomaji akauliza: yatufaa nini kujua aina za minyoo? Dini yetu imetufunza tabayyun, yaani kuhakikisha jambo kabla ya kulihukumu. Hukumu hiyo haiwahusu wanadamu peke yao.

Alama ya kwanza ya mnyoo huyu ni kuzaa kwake. Minyoo wengi wa kundi lake hutaga mayai, lakini Gyrodactylus huzaa mtoto aliye hai. Na mtoto huyo, angali tumboni, huwa tayari amebeba mjukuu ndani yake. Subhanallah! Ndiyo sababu mnyoo mmoja aweza kuwa chanzo cha kizazi kizima kwa muda mfupi. Binamu yake, Dactylogyrus, hukaa hasa kwenye matamvua, hutaga mayai, na ana madoa manne ya macho kichwani. Gyrodactylus hana macho. Mwenye hadubini ya kawaida aweza kuwatenganisha wawili hawa.

Ugumu huja pale panapotakiwa kutenganisha Gyrodactylus mmoja na mwenziwe. Hapo hutazamwa kiungo cha kushikia kilicho nyuma ya mwili: kulabu mbili kubwa katikati, na kulabu ndogo 16 pembezoni. Mtaalamu hupima urefu na mpindo wa kulabu hizo ndogo, kwani humo ndimo ilimojificha tofauti ya aina na aina. Siku hizi huongezwa uchunguzi wa vinasaba.

Thamani ya kazi hiyo yaonekana huko Norwe. Mwaka 1957 Göran Malmberg alimweleza, nchini Uswidi, mnyoo wa samaki wa samoni aitwaye Gyrodactylus salaris. Samoni wa Bahari ya Baltiki humstahimili. Katika miaka ya 1970 mnyoo huyo aliingia Norwe pamoja na samaki wachanga waliosafirishwa kutoka Uswidi. Samoni wa huko hawakuwa na kinga. Wachanga wao wakafa kwa wingi, na mito ipatayo 50 ikaambukizwa. Ikabidi mito mingi itiwe rotenoni, sumu iliyomo pia katika utupa waujuao wavuvi wetu. Samaki wote wa mto waliuawa ili mnyoo akose makao, kisha samoni wakapandwa upya.

Sasa tutafakari. Yuko mnyoo mwingine, Gyrodactylus thymalli, akaaye kwa samaki wa jamii nyingine ya mito baridi. Kulabu zake zafanana mno na za salaris, hata wapo wataalamu wasemao kuwa ni aina moja. Lakini huyu hajulikani kwa kuangamiza samoni. Anayemdhania kuwa salaris aweza kusababisha mto utiwe sumu bure. Na anayemdhania salaris kuwa huyu, aweza kuuacha mto uangamie.

Nasi Kenya yatuhusu. Tangu serikali ilipogharamia mabwawa ya samaki mwaka 2009, familia nyingi na vikundi vya akina mama wamefuga tilapia. Tilapia naye ana mnyoo wake, Gyrodactylus cichlidarum, aliyeelezwa kutoka Ghana mwaka 1968, naye amesafiri pamoja na samaki hao hadi Meksiko.

Mkiona samaki wanajisugua kando ya bwawa, wana ute mwingi, au mapezi yao yamechakaa, msikimbilie dawa. Dalili hizo huletwa pia na maji machafu. Tazameni maji kwanza. Kisha mpelekeeni afisa wa uvuvi samaki wachache wakiwa hai, ndani ya maji ya bwawa lenyewe, kwani samaki akifa mnyoo humwacha. Vifaranga vipya vitengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, wala samaki wa bwawa wasiachiliwe mtoni.

Na mama akiuliza kama samaki huyo aliwa, jawabu ni kuwa minyoo hawa hawamwambukizi binadamu. Samaki akisafishwa na kupikwa vyema, ni riziki ya halali.

Elimu ya namna hii twaiona kuwa ni fardhi kifaya: lazima wawepo baadhi yetu waijuao. Binti apendaye kuchungulia vijidudu asikatazwe, bali apelekwe shule na aombewe dua. Huenda yeye ndiye atakayeliokoa bwawa la jirani, au mto mzima.

Mola atujaalie elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.